Mbao inatoka na tumbo, mota haina kosa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni seremala, niko Uyole, karakana yangu iko uani nyumbani. Nimenunua bendso, yaani msumeno wa utepe unaozunguka, ya mtumba ya inchi 14, mota ya hospawa moja. Shingo yake imeshaongezwa kipande cha chuma, kwa hiyo inapitisha mbao hadi inchi 12 kwenda juu. Nataka kupasua mninga wa 2 kwa 8 nipate mbao nyembamba za paneli za milango ya kabati, nizifungue kama kitabu ili maua, yaani michoro ya mbao, yatazamane. Bledi niliyonayo, huo utepe wenyewe wenye meno, ni ya nusu inchi, meno 10 kwa inchi. Dukani waliniambia meno madogo ndiyo yanakata laini. Juu nafuata mstari vizuri tu, lakini nikitenganisha vipande nakuta kimoja kina tumbo katikati na kingine kina shimo. Tena inanuka moshi. Zile nilizopata nilizisimamisha ukutani jioni, asubuhi zimejikunja kama kigae. Wenzangu wanasema mota ni ndogo, nitafute ya hospawa tatu. Nifanyeje? Na hizi nne zilizojikunja nizitupe?"

Marahaba. Mimi niko Mafinga, na huku kabla ya kazi ni kamwene kwanza, kwa hiyo kamwene.

Fedha ya mota iweke mfukoni. Umeeleza mambo matatu yanayotosha kuonyesha kosa liko wapi, na hakuna hata moja linaloielekea mota: tumbo katikati, harufu ya moshi, na mbao kujikunja asubuhi badala ya palepale. Hayo ni magonjwa mawili yaliyokukuta kwa pamoja. Tumbo na moshi vinatoka kwenye bledi. Kujikunja kunatoka ndani ya mbao, na hata ungekuwa na mashine ya kiwanda cha magogo, mbao zile zingejikunja vilevile.

Kabla hujashika spana, isome kwanza mbao iliyoharibika. Wengi wetu huitupa kwa hasira kwenye rundo la kuni, na ushahidi unaenda kuivisha maharage. Chukua kipande kimoja, weka ukingo wa skwea, kile chuma cha kupimia mraba, ukatishe upana wa mbao, kisha inua vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha. Kama chuma kinagusa katikati na mwanga unapita pembeni, hilo ndilo tumbo. Kwa pacha wake mwanga utapita katikati. Maana yake bledi ilikuwa imenyooka juu kwenye vishikizo, vile vinavyoizuia isiyumbe, na chini mezani, ila katikati ya zile inchi 8 ilijipinda kama upinde. Ingekuwa meza haijakaa mraba na bledi, ungeona mbao nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, lakini uso wake umenyooka kabisa. Na ingekuwa bledi inavuta upande, hata huo mstari wa juu usingeufuata. Ungepigana na mashine tangu inchi ya kwanza. Wewe umesema mstari uliufuata.

Sasa kwa nini bledi ijipinde? Itazame kwa karibu. Kati ya jino na jino kuna kibonde. Jino linapoingia juu ya mbao linakwangua unga na kuutia kwenye kibonde kile, na unga hauna pa kutokea mpaka jino litoke chini, inchi 8 baadaye. Unga uliokwanguliwa unachukua nafasi kubwa kuliko mbao ulikotoka, kama mahindi yakishakuwa bisi. Kwa bledi yako, meno 10 mara inchi 8 ni meno 80 ndani ya mbao kwa wakati mmoja, kila moja na kibonde cha kukaa punje ya ulezi. Kinajaa kabla jino halijamaliza safari. Kuanzia hapo jino halikati, linasugua. Msuguano unaleta joto, joto linairefusha bledi, bledi ikirefuka inalegea, na wewe kwa kuona haiendi unaongeza kusukuma. Haina pa kukimbilia ila pembeni. Ukifunga mota ya hospawa tatu hapo, utakuwa unasugua kwa nguvu mara tatu.

Nunua bledi ya meno 3 kwa inchi, yenye vibonde virefu vya mviringo na meno yaliyoinamia mbele kidogo kama mdomo wa mwewe. Ndani ya mbao yako yatakuwepo meno 24 badala ya 80, kila moja na nafasi ya kubeba mzigo wake. Uso utatoka na mikwaruzo, ni kweli, na hapo ndipo yule wa dukani alipopata maneno yake. Lakini mbao ya paneli utaipiga randa kwa vyovyote, na randa inaondoa mikwaruzo kwa mpito mmoja au miwili. Tumbo la milimita 4 haliondolewi na randa mpaka mbao iwe imekwisha. Hiyo ya meno 10 usiitupe. Ni nzuri kwa mbao nyembamba na kukata maumbo, kwa sababu mbao nyembamba inataka meno matatu au zaidi yawe ndani yake muda wote, la sivyo inarukaruka na kung'oka vipande.

Upana ubaki nusu inchi. Utashawishiwa ununue ya robo tatu kwa hoja kwamba bledi pana haipindi. Kwenye mashine kubwa ni kweli. Mashine ya inchi 14 fremu yake na springi yake haziwezi kuikaza bledi ya robo tatu inavyotakiwa, na bledi pana isiyokazwa inajipinda kuliko nyembamba iliyokazwa. Zaidi ya hapo, bledi hizo pana mara nyingi ni nene pia, na chuma kinene kikizungushwa kwenye gurudumu dogo kinachoka na kupata nyufa nyuma ya meno. Kabla ya kununua pima urefu wa bledi uliyonayo. Mashine za aina hiyo zikishaongezwa shingo kwa kawaida huchukua bledi ya inchi 105, na kabla ya kuongezwa ni 93 na nusu, lakini mtumba ni mtumba, fundi aliyekutangulia anaweza kuwa alichomelea kipande chake mwenyewe. Zungusha kamba kwenye magurudumu upime.

Ukiipata bledi mpya, pitisha kidole taratibu mgongoni mwake pale ilipoungwa, mashine ikiwa imezimwa na plagi imetolewa. Kiungo kikiwa na kinundu, kila mzunguko kitagonga beringi ya nyuma, ile inayoizuia bledi isirudi nyuma, utasikia tik, tik, tik, na mbao itatoka na mistari ya kupanda na kushuka kama bati. Piga kinundu jiwe la kunolea mpaka kidole kisikione.

Sasa kukaza. Kile kipimo kilichochorwa kwenye springi yako kisikuhangaishe. Springi ya mtumba imeshachoka na namba zake zinasema uongo. Fanya hivi: rudisha nyuma vishikizo vyote, vya juu na vya chini, bledi ibaki huru haiguswi na kitu. Funga milango ya mashine, washa, simama pembeni, si mbele yake. Mashine ikiendelea kuzunguka, legeza mkazo polepole sana ukiitazama bledi kwa ubavu. Itafika mahali itaanza kutetemeka, unaona kama zipo mbili. Kaza mpaka mtetemo uishe, kisha ongeza robo mzunguko. Hapo ni mahali pa kuanzia kwa kazi ya kawaida. Kwa mninga wa inchi 8 mimi huongeza tena kidogo, nikitazama springi isibanwe mpaka pingili zikutane. Springi iliyobanwa mpaka mwisho haina tena kazi ya springi. Ni kipande cha chuma tu, na bledi ikikutana na fundo hakuna kinachoipokea. Springi mpya ni kitu rahisi kuliko mota, na kwa mashine ya mtumba ningeibadilisha kabla ya kuanza.

Nasema simama pembeni kwa sababu bledi iliwahi kunikatikia. Ililia kama risasi, nikajikuta nimeshaachia mbao na kurudi nyuma hatua mbili bila kuamua. Kwenye bendso yenye milango imara bledi hukwama ndani, na ndivyo ilivyokuwa. Kijana aliyekuwa ananisaidia alikimbia akafungua mlango aone, gurudumu la juu bado linazunguka. Nilimfokea siku ile kuliko siku zote. Ikikatika, zima, chomoa plagi, kunywa chai, ndipo ufungue.

Baada ya kukaza rudisha vishikizo. Vya ubavuni viikaribie bledi bila kuibana, upana wa karatasi ya daftari uwe katikati, na visifike kwenye meno. Viishie nyuma ya vibonde, la sivyo siku ya kwanza utapoteza ukali wote. Beringi ya nyuma isiguse bledi ikizunguka tupu. Iguse pale tu unaposukuma mbao. Nguzo ya vishikizo vya juu ishushe mpaka ibaki kama milimita 6 juu ya mbao. Wengi huiacha juu ili waone vizuri, kisha wanalaumu bledi. Kila inchi ya bledi isiyoshikwa ni inchi ya kujipinda, na ni inchi ya meno yanayosubiri kidole.

Kuna jambo la bledi kuvuta upande. Bledi nyingi zina upande zinaoupenda, kwa sababu meno yamepinduliwa moja kulia moja kushoto na hayapinduki sawasawa. Kabla hujaukimbilia ukingo wa kuegemezea, ule wa mezani ambao mbao huuegemea ikipita, hakikisha bledi imekaa katikati ya mgongo wa gurudumu la juu; kirekebisho cha kuinamisha gurudumu ndicho kinachoipeleka mbele au nyuma, na mara nyingi kikiwekwa sawa uvutaji unapungua wenyewe. Kama bado, chukua kipande cha msindano, chora mstari sambamba na ukingo wake, kata kwa mikono bila kuegemeza, ukifuata mstari. Ukifika katikati zima mashine bila kusogeza kipande. Utaona kimekaa mshazari kidogo na meza. Huo mshazari ndio njia ya bledi yako. Uchukue kwa bevu, kile kipimo cha kunakili pembe, uhamishie kwenye ukingo wa kuegemezea, funga kwa klampu. Msindano utaupata kwa bei ndogo, tumezungukwa nao. Hapa Mufindi, Sao Hill, ni misindano mpaka macho yanachoka. Ila usifanyie majaribio kipande chenye utomvu mwingi. Utomvu unaganda kwenye meno na bledi mpya inajifanya butu. Ikitokea, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mashine ikiwa imechomolewa.

Ukingo wa kuegemezea wenyewe uwe mrefu kwenda juu. Uliokuja na mashine mara nyingi una inchi 3 au 4, na mbao ya inchi 8 iliyosimama juu yake inayumba kama mlevi. Chukua mbao mbili kavu zilizonyooka, ziunge mraba, zifike inchi 6 au 7, zifunge mbele ya ule wa chuma. Kazi ya nusu saa.

Tukija kwenye mbao yenyewe, usipeleke mbao kwenye bendso kabla haina uso mmoja ulionyooka na ukingo mmoja ulio mraba na uso huo. Uso unaegemea ukingo, ukingo unakaa mezani. Kama huna mashine ya kurandia, peleka ukarandishe, au tumia randa ya mkono; ila usikubali warande nyuso zote mbili mpaka mbao iwe na milimita 44, kama wanavyopenda. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuifanye.

Mbao yako ya inchi 2 ina milimita 50, kama uliyemnunulia ni mwaminifu. Ukinyoosha uso mmoja inabaki 48. Unataka paneli ya 12, na kwa ajili ya kunyoosha baadaye kila moja itoke na 15. Bledi yako njia yake, yaani upana wa mbao inayoigeuza unga, ni kama milimita 1.2. Pasua ya kwanza: 48 toa 15 toa 1.2, inabaki 31.8. Nyoosha tena ule uso uliokatwa, kwa sababu ndio utakaoegemea sasa, inabaki 31. Pasua ya pili, inabaki 14.8. Umepata tatu. Msumeno wa duara ambao njia yake ni milimita 3.2 ungekuachia ya tatu ikiwa na 10.8, haifai paneli ya 12, tena ule wa mezani wa inchi 10 haufiki kina cha inchi 8 hata ukigeuza mbao pande zote mbili. Na zile ding dong za kuchania magogo huku misituni, ambazo duara lake ni nene zaidi, ukikaa nyuma yake unaona rundo la unga unajiuliza mbao ziko wapi. Bendso ndiyo mashine yako, usiidharau kwa sababu ya mota. Mninga ni mti wa pori, unatoka huko misitu ya miombo ya Chunya na kwingineko, haupandwi kama msindano ukaukuta baada ya miaka kadhaa. Mbao tatu badala ya mbili katika kila kipande ni kitu.

Ila kwa zile za kufungua kama kitabu, angalizo: zinazotazamana vizuri ni zile mbili zilizokuwa zimegusana. Kila unachorandisha katikati kinasogeza maua mbali kidogo. Ndiyo maana napasua nyembamba iwezekanavyo na kunyoosha kwa mkono mwepesi. Kabla ya kupasua, chora pembetatu kubwa kwenye kichwa cha mbao kwa chaki, ikatishe unene wote. Zikishachanganyika vipande kumi mezani, pembetatu itakwambia nani ni pacha wa nani.

Sasa washa. Mkono wa kushoto unaibana mbao kwenye ukingo, mbele ya bledi, kamwe si pembeni yake wala nyuma yake. Mkono wa kulia unasukuma. Sikiliza. Mota ya hospawa moja ikiwa na raha inavuma sauti moja. Ukisikia sauti inashuka, punguza kusukuma, usiache kabisa. Mbao ya futi 4, mninga, inchi 8, mimi huipa dakika tatu mpaka nne. Inaonekana muda mrefu ukiwa umesimama, lakini piga hesabu ya kuitupa. Unga utoke chini mwingi na mkavu. Ukiona unga umeganda kwenye njia ya msumeno au rangi imekuwa kahawia iliyoungua, ama unakimbiza, ama bledi imekufa. Bledi butu hainoleki kwa kukazwa.

Inchi 6 za mwisho mikono iondoke. Chukua kisukumio cha mbao, au kama mbao ni ndefu zunguka uivute kutoka nyuma. Glovu usivae, bledi ikikamata uzi wa glovu inachukua na kidole. Miwani vaa, na barakoa vaa; unga wa mninga unawasha ngozi na pua, kuna mafundi wanapiga chafya siku nzima wakidhani ni mafua ya baridi ya Uyole.

Kuhusu umeme, neno moja. Kama waya wa kuongezea ni mwembamba na umezunguka nyumba nzima kufika uani, mota itachoka hata kama ni nzima. Tumia waya wa milimita 2.5, uwe mfupi, na usiuache umeviringishwa kwenye gurudumu lake wakati unafanya kazi, unapata moto. Kama jioni taa zinafifia, pasua asubuhi.

Nimemaliza bledi. Sasa ile ya kigae, ambayo ndiyo itakutia aibu kwa mteja kuliko tumbo.

Saa ya kujikunja ndiyo shahidi. Mbao ikijikunja palepale inapotoka kwenye bledi, pengine hata inaibana bledi njiani, kuna mkazo uliofungiwa ndani tangu ilipokaushwa: nje ilikauka haraka ikaganda, ndani ikakauka baadaye ikivutana nayo. Mbao iliyokaa imenyooka jioni ikaamka imejikunja, kama zako, ndani yake bado kuna maji. Ulipoipasua umefungua tumbo lenye unyevu likaonana na hewa. Uso mpya ukakauka ukasinyaa, uso wa zamani ulishasinyaa siku nyingi. Kwa hiyo itazame: upande ulioingia ndani, wa shimo la kigae, ni ule uliokatwa na bledi. Kama ni hivyo, hukumu imekamilika. Na ulivyoisimamisha ukutani ukaongeza, kwa sababu uso mmoja ulikuwa unapigwa na upepo na mwingine umejificha.

Mninga unasifika kwa kutulia. Kati ya mbao zetu ni miongoni mwa zile zinazosinyaa kidogo sana. Ukiona mninga unajikunja kwa namna hiyo, jiulize kama ni mkavu, kisha jiulize kama ni mninga. Wapo wanaouza mbao nyingine yenye rangi ya kufanana.

Kuhakikisha, fanya kipimo cha uma. Kwenye mbao ambayo hujaipasua, ondoka kichwani futi moja, kwa sababu kichwa hukauka kwanza kinakudanganya. Kata kipande chembamba cha inchi moja kikatishe upana wote. Kisha kwa bendso kichane ndani kibaki na umbo la uma wenye meno mawili, moja la uso huu na moja la uso ule, katikati umeondoa. Meno yakiinamiana palepale, ni ule mkazo. Yakikaa sawa, kiache ndani usiku mmoja. Yakiinamiana asubuhi, ni maji. Yakibaki yamenyooka siku inayofuata, mbao iko tayari.

Ukitaka namba, pima kipande kingine kama hicho kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, kianike kwenye oveni yenye joto kama nyuzi 103, upime tena na tena mpaka uzito usishuke. Kama kilikuwa gramu 240 kikaishia 200, zilizopotea ni 40, gawanya kwa 200, unyevu ni 20%. Hiyo bado ni mbichi kwa kabati. Hewa yenye unyevu wa 50% huipeleka mbao kwenye kama 9%, na hewa ya 80% huipeleka kwenye kama 16%. Milima yetu inapita kote kuwili ndani ya mwaka, Oktoba ya vumbi na Februari ya mvua. Mimi napasua ikiwa karibu na 12%.

Hili nililipia. Nilipasua mninga wiki moja, nikapiga randa siku hiyohiyo mpaka milimita 12, nikagandisha paneli kwenye fremu kwa gundi pande zote nne, kabati likaenda Tukuyu. Lilitoka Mafinga katikati ya kiangazi, zuri, mteja akalipa yote. Mvua za Tukuyu unazijua wewe uliye Uyole kuliko mimi. Machi akanipigia simu akasema milango haifungi. Nilipofika nilikuta paneli zimevimba zikasukuma fremu mpaka viungo vya kona vimefunguka, unaingiza ukucha. Nilitengeneza milango sita upya kwa gharama yangu. Tangu hapo paneli haiguswi na gundi, inaelea kwenye mfereji wake na nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande kwenye upana, na nikipasua siiwahi randa.

Ninachofanya ni hiki. Zikitoka kwenye bledi, saa ileile zipangwe chumbani, si juani, si kwenye sakafu ya saruji. Vijiti vikavu vya unene sawa, kama milimita 20, kila baada ya futi moja na nusu, na vya tabaka la juu vikae juu kabisa ya vya chini, vikiachana mbao itafuata. Hewa ipite juu na chini ya kila mbao. Juu ya rundo weka mbao nene na matofali, mengi kuliko unavyodhani. Vichwa vipake rangi iliyobaki ya nyumba ili maji yasikimbilie huko. Wiki mbili, tatu kama mbao ilikuwa na shaka. Baada ya hapo ndipo unanyoosha uso mmoja, unapunguza wa pili, mpaka 12. Ikiwezekana ondoa sawa pande zote mbili. Ile milimita 3 tuliyoiacha kwenye hesabu ilikuwa kwa ajili ya siku hii.

Zile nne usizitupe, wala usizipige randa leo. Ukizinyoosha sasa, zikishakauka zitajikunja upande wa pili. Zipange kwenye vijiti, upande wenye shimo uangalie chini, matofali juu, chumba kisichopigwa na upepo wa mlangoni. Usizimwagie maji kama utakavyoshauriwa. Tofauti ya unyevu kati ya nyuso mbili ikiisha, sehemu kubwa ya kigae hurudi yenyewe. Nimeziona zikirudi karibu zote, nimeona pia moja ikigoma. Baada ya wiki tatu ziweke skwea tena kwenye mwanga wa dirisha. Iliyobaki na mkunjo wa milimita 2, randa itaimaliza. Iliyobaki na zaidi, ichane katikati kwa urefu upate mbao mbili za inchi 4, kila moja itakuwa na nusu tu ya upana na mkunjo mdogo zaidi, zinyooshe, uziunge tena kwa gundi. Maua hayatatazamana, lakini mgongo wa kabati hautazamwi na mtu.